Nilitoka mbio mbele ya darasa, na mwezi wa saba natetea TFC

SWALI: Jambo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, agronomia, hapa Goma. Mwaka jana nilipaswa kueleza kazi ya semina mbele ya wanafunzi wa promosheni yetu. Nilikuwa nimeisoma mpaka naiota usiku. Nilipofika mbele, moyo ulianza kupiga kama ngoma, mdomo ukakauka, pumzi zikawa za haraka, vidole vikaingia ganzi, na Kifaransa chote kikaniacha. Nikasema samahani, nikatoka nje. Wenzangu walicheka. Tangu siku hiyo hata somo la kanisani nakataa kusoma. Mwezi wa saba natetea TFC, kazi yangu ya kumaliza masomo, mbele ya juri. Mchungaji anasema ni roho ya woga, baba mdogo anasema nimefanyiwa kitu, na rafiki yangu anayeuza dawa anasema kuna kidonge cha moyo kinachotuliza. Je, ubongo wangu ni mgonjwa? Na hii mikono inayotetemeka nitaificha wapi? (Msomaji wa Himbi)

JIBU: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili jicho langu lilibaki kwenye maneno uliyoyapita upesi kuliko yote: "nikatoka nje". Moyo, mdomo, vidole, Kifaransa, vyote umevieleza vizuri. Kutoka umekutaja kama jambo dogo. Kwangu mimi hapo ndipo penye kisa chenyewe, na nitafika. Kwanza nijibu lile linalokunyima usingizi.

Hapana, ubongo wako si mgonjwa. Siku ile ulifanya kazi yake, tena kwa bidii iliyopita kiasi, kama santineli, mlinzi wa usiku, aliye mgeni, anayempigia filimbi mwenye nyumba akirudi usiku.

Santineli huyo ana jina. Ndani ya kichwa, upande wa kulia na wa kushoto, karibu na usawa wa masikio, kuna fungu dogo la chembe za neva lenye umbo la lozi. Linaitwa amigdala, na neno hilo la Kigiriki maana yake ni hiyohiyo, lozi. Kazi yake moja kubwa ni kunusa hatari kabla wewe hujajua kama hatari ipo. Sisi watu wa Goma hatuhitaji maabara kulielewa jambo hili. Uliza yeyote aliyekuwa hapa jioni ile ya siku ya posho, Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto, kisha ardhi ikaendelea kutikisika siku baada ya siku. Muda mrefu baadaye, lori la mchanga likipita barabarani na vikombe vikagongana kabatini, mama wa nyumba alijikuta tayari mlangoni, mtoto mkononi, ndipo akajiuliza: ni nini? Miguu ilikuwa imeamua kabla ya kichwa.

Joseph LeDoux, mtafiti wa New York, alionyesha kwa panya jinsi hilo linavyotokea. Habari ya sauti inayotisha hufika kwenye amigdala kwa njia mbili. Moja ni ya mkato, inafika mapema lakini haioni vizuri. Nyingine inazunguka kupitia tabaka la juu la ubongo, ambako habari inachambuliwa: hili ni tetemeko, hili ni lori tu. Wazee walishasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo unapita njia ya mkato. Na kwako wewe, tangu ile semina, ubao mweusi na viti vilivyopangwa safu ndio ung'ongo.

Niongeze neno moja la haki kwa LeDoux, maana watu wanamsema vibaya. Yeye mwenyewe baadaye aliwakataza wanaoiita amigdala makao ya hofu. Amigdala inawasha mwili. Ile hofu unayoihisi na kuiita kwa jina, "nitaaibika, watanicheka tena", inapikwa juu zaidi, kwa kumbukumbu, mawazo na maneno. Ni habari njema. Huwezi kubishana na santineli, lakini maneno yako unaweza kuyabadilisha.

Amri ikishatoka, tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia zinamwaga adrenalini. Ni suala la sekunde. Moyo unaongeza mwendo, damu inakimbilia misuli mikubwa, ngozi ya vidole inabaki baridi, mate yanakatwa kwa sababu mtu anayekimbia simba hana shughuli ya kutafuna. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwalimu wa fiziolojia wa Marekani, aliandika kwamba mwili hapo unajitayarisha ama kupigana ama kukimbia. Wewe ulitimiza la pili barabara. Nyuma ya adrenalini inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo haina haraka: kilele chake kwa kawaida hufika dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza.

Utaniuliza: lakini darasani hapakuwa na moto wala simba. Ni kweli. Walikuwapo watu, na watu wanatosha.

Mwaka 1993 watafiti watatu wa chuo kikuu cha Trier, Ujerumani, walitaka njia ya kumtia mtu msongo ndani ya maabara bila kumwumiza. Hawakuleta nyoka wala umeme. Walimpa mtu muda mfupi wa kujitayarisha, wakamsimamisha mbele ya watu walioketi mezani, ajieleze kwa dakika tano kwa nini anastahili kazi fulani. Akimaliza, anaambiwa atoe 13 kwenye 1022, kisha atoe tena 13, aendelee hivyo kwa sauti. Akikosea anarudishwa mwanzo. Wale walioketi wameagizwa wasitabasamu, wasitikise kichwa, wasimsaidie. Jaribu hapo ulipo: 1022, 1009, 996... Umeona? Jaribio hilo linatumika katika maabara nyingi mpaka leo, kwa sababu linapandisha kotisoli kwa watu walio wengi. Kwa Kiswahili chetu cha hapa: Wajerumani walipotafuta kitu cha kutisha ambacho hakikosei, walijikuta wamebuni juri ya TFC.

Kisha mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya matokeo ya utafiti 208 wa namna hii, wakauliza ni kitu gani hasa kinachopandisha kotisoli. Kazi ngumu peke yake haikutosha. Kilichozidi vyote kilikuwa kuhukumiwa na watu katika jambo ambalo mwisho wake hauko mikononi mwako. Na kwetu uzito huo una kilo za ziada. Siku ya kutetea huji peke yako. Mama mkubwa amefika na kitenge kipya, wadogo zako wamebeba maua, na mmoja wao ana kopo la poda ndani ya mkoba, tayari kukumwagia kichwani ukitoka. Poda hiyo nayo ni hukumu. Santineli wako anaiona.

Sasa Kifaransa, maana hapa nataka kukaa kidogo. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshika mambo kadhaa kwa pamoja: nilisema nini, nafuata nini, swali linataka nini. Amy Arnsten wa chuo kikuu cha Yale ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba msongo ukiwa mkali, kemikali zinazofurika pale zinaidhoofisha sehemu hiyo hasa, na usukani unaenda kwa sehemu za ndani zinazofanya mambo kwa mazoea. Ni kama umeme ukikatika mtaani: vitu vyote vimo ndani ya nyumba, mahali pake palepale, ila wewe unapapasa. Ndiyo maana ulipofika nje, baada ya dakika chache, kila kitu kilirudi. Sivyo? Hujaandika hivyo, lakini kwa niliowasikiliza, karibu wote wananiambia hivyo, tena kwa hasira.

Sasa fikiri: unanunua samaki sokoni Kituku kwa Kiswahili, unagombana na kaka yako kwa Kiswahili, unaomba kwa Kiswahili. Mihogo ya TFC yako uliifuata shambani ukiuliza wakulima kwa Kiswahili. (Sijui kama ni mihogo. Tuseme ni mihogo.) Halafu siku unayohitaji akili yako yote, unapaswa kuieleza kwa lugha uliyoipata darasani. Mzigo ni wa watu wawili na mbebaji ni mmoja. Sitaki kugombana na utaratibu wa shule zetu, ingawa maoni yangu ninayo. Ninachokwambia ni hiki: kazi yako ieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu asiyejua kilimo cha vitabu. Bibi yako anafaa sana. Akikukatiza akisema "sijaelewa, ulipima nini?", umempata mjumbe wa juri wa kwanza, na mkali kuliko wote. Ukishaweza kumweleza bibi, mawazo ni yako. Kifaransa kitakuja kuyavika nguo. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume: wanakariri kurasa za Kifaransa neno kwa neno, na neno moja likianguka, mnyororo wote unakatika. Kariri sentensi tatu za mwanzo tu, kwa sababu ndizo zitakazotoka wakati moyo unakimbia zaidi. Zilizobaki zijue, usizikariri.

Turudi mlangoni, siku ile ulipotoka.

Ulipovuka kizingiti, mwili ulishuka. Raha ile uliisikia mpaka kwenye magoti. Na ubongo, ambao unajifunza kwa raha na maumivu kuliko kwa hoja, uliandika somo: kutoka ndiko kulikoniokoa. Haukuandika kwamba ungebaki dakika mbili zaidi hofu ingeanza kushuka yenyewe, kwa sababu hukuupa nafasi ya kuliona hilo. Kwa wasemaji wengi moyo hupiga kwa kasi zaidi karibu na dakika ya kwanza, kisha hupungua wakiwa bado wanasema. Wewe ulitoka kileleni kabisa. Baadaye kanisani wakakuomba usome, ukakataa, raha ikaja tena, somo likaandikwa mara ya pili kwa wino mweusi zaidi. Kicheko cha wenzako kinauma, sikatai, lakini sicho kilichokufikisha hapa. Kukwepa ndiko kunakoilisha hofu hii, kila siku ya Mungu, kijiko kwa kijiko.

Dawa yake inajulikana na haina siri: kurudi pale panapotisha, kwa ngazi, na kubaki mpaka mwili ushuke wenyewe. Ubongo haufuti kumbukumbu ya zamani. Unaandika mpya pembeni yake, inayosema "nilisimama, wakaniangalia, sikufa". Kumbukumbu hizo mbili zinashindana, na ile mpya ina udhaifu mmoja ambao wengi hawaambiwi: inashikamana na mahali ilipozaliwa. Ukifanya mazoezi chumbani tu, utakuwa shujaa wa chumbani. Kwa hiyo anza chumbani, sawa, kwa sauti kamili na si kwa kunong'ona. Halafu sebuleni mbele ya wawili. Halafu nje uani, watu wanapita, mtoto analia. Kanisani, omba mwenyewe kusoma tangazo fupi, mistari minne. Mwezi wa sita, muombe santineli wa chuo akufungulie ile auditwari ambamo mtatetea, usimame pale pale, uguse meza, usikie sauti yako inavyorudi kutoka ukutani. Na mwisho, kaa na wenzako watano. Wape agizo la watu wa Trier: sura kavu kama mawe ya lava, hakuna kucheka, hakuna kutikisa kichwa, na mmoja akukatize katikati aulize kwa nini umechukua viwanja vichache. Utatetemeka. Ndicho tunachokitafuta. Baki. Ukipotea, sema "naomba nirudie", kunywa maji, endelea. Sharti ni moja tu, mlango haufunguliwi mpaka umalize.

Kuna mtu mmoja anayenifikirisha ninapoeleza haya. Mwanamke wa Marekani, anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ugonjwa adimu wa kurithi uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka hawamtishi, filamu za kutisha hazimtishi, aliwahi hata kutishwa kwa kisu asione hofu. Lakini mwaka 2013 watafiti walichapisha jambo la ajabu: walimvutisha pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, akashikwa na hofu kubwa, akipapasa kifuniko akitoe usoni. Wagonjwa wengine wawili wenye ugonjwa huohuo walifanya vilevile. Gesi hiyo ndiyo ya mazuku yetu, ile inayotuama kwenye mabonde ya mawe huku kwetu na kuua mbuzi bila kelele. Maana yake ni kwamba mwili una kengele ya pumzi iliyo mbali na amigdala, na inalia hata pale ambapo santineli hayupo.

Wewe uliigusa kengele hiyo kwa upande wa pili. Ulipumua haraka mno, ukatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyopasa, na ganzi ya vidole ni dalili ya kawaida ya hilo, pamoja na kizunguzungu. Basi usimsikilize anayekwambia "vuta pumzi ndefu". Pumzi unayo ya kuzidi. Kazi ni kuitoa, polepole. Umewaona vijana wa chukudu, zile skuta za mbao, wakishuka na magunia ya makaa? Hawajaribu kusimamisha chukudu ghafla, ingewarusha. Wanakanyaga kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kidogo, tena kidogo. Mwili una breki kama hiyo, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani mpaka kifuani na tumboni. Unapotoa pumzi, inakanyaga na moyo unapunguza mwendo, unapovuta, inaachilia. Kwa hiyo vuta kwa kuhesabu hadi nne, toa kwa kuhesabu hadi sita, dakika tatu nne hivi ukiwa kwenye korido unasubiri jina lako. Anza kuzoea leo, usingoje siku yenyewe. Breki usiyoizoea haishiki mteremkoni.

Na ukiwa kwenye korido hiyo, usijiambie "tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliojiambia kwamba wamechangamka walizungumza vizuri kuliko waliojiambia watulie. Ukifikiri, ni jambo la maana: kutoka hofu kwenda utulivu ni safari ndefu, mwili lazima uzime kila kitu. Kutoka hofu kwenda hamu, mwili unabaki kama ulivyo, jina ndilo linalobadilika. Kiswahili chetu kinalijua hili tangu zamani. Tunasema moyo unanidunda kwa anayeogopa, na kwa anayemngoja mpenzi wake bandarini vilevile.

Kuhusu wanaokutazama: Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich waligundua kwamba msemaji anadhani woga wake unaonekana kuliko unavyoonekana kweli, na kwamba wasemaji walioelezwa hilo mapema walisema vizuri zaidi. Nimekueleza. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza nilipozungumza redioni, niliamini goti langu linasikika hewani. Nilimwuliza dada aliyekuwa kwenye mitambo. Alikuwa amesikia tu kwamba nasema upesi.

Kidonge cha rafiki yako. Nahisi anasema propranololi. Inazuia adrenalini isifanye kazi kwenye moyo, na kuna wapiga muziki na wasemaji wanaoitumia kwa agizo la daktari. Lakini inaweza kumfungia pumzi mtu mwenye pumu, inaweza kumwangusha mwenye presha ya chini au moyo unaopiga polepole. Rafiki yako hakukupima. Usiimeze. Valium nayo, pia hapana: inalaza hofu na kumbukumbu kwenye kitanda kimoja. Kasiksi, pombe ya ndizi, kidogo ya kujipa moyo, sitaki hata kuisikia.

Mchungaji akiombea, pokea maombi, kisha umwombe akupe lile tangazo la mistari minne. Baba mdogo sitabishana naye kwa barua. Mwulize tu kwa nini aliyekuroga alingoja semina.

Ukiona hofu imevuka mipaka ya mimbari, huwezi kula mbele za watu, huwezi kupokea simu, na miezi sita imepita hivyo, hapo usibaki na barua yangu. Tafuta mwanasaikolojia, au nenda kituo kama Tulizo Letu, na usijali watakaosema umeenda kwa wagonjwa wa kichwa. Vivyo hivyo kama usiku bado unaruka kwa kila mlio. Katika mji huu wengi wana santineli aliyechoka, hajalala miaka, na huyo anahitaji uangalizi mwingine kuliko mazoezi ya TFC.

Mikono. Karatasi moja nyepesi ukiishika hewani inakuza tetemeko, juri yote italiona. Bandika karatasi zako kwenye kadi ngumu, au ziache mezani na uweke vidole juu ya ukingo wa meza. Usishike kalamu, utaifungua na kuifunga mpaka mwisho. Mdomo ukikauka, funda moja la maji kabla ya sentensi ya kwanza, jingine unaposikia swali ambalo hulijui. Maji yanakupa sekunde tano na hakuna anayemlaumu mtu anayekunywa. Yawe maji, mwanangu, si Fanta. Gesi yake itarudi katikati ya shukrani kwa direkta wa TFC yako.